Jina la Hewani la Liaquat

Mwizi wa kuku utamkimbiza umkamate. Mwizi wa jina utamkimbizia wapi? Liaquat wa Kalangalala, muuza mikanda na vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, aliliacha jina lake la hewani, lile la kujitambulishia redioni, bila mwenyewe miaka na miaka. Leseni yake ya redio ya ridhaa, ya wale wanaoongea na dunia kwa mawimbi kwa kujifurahisha tu, ilipoisha muda, alisema ataihuisha kesho, na kesho ya Liaquat mnaijua wenyewe. Aliporudishiwa leseni, tena na jina lilelile la zamani, alicheka peke yake kama aliyeokota dhahabu njiani. Akapandisha antena juu ya bati, akaketi nyuma ya duka Jumapili mchana, mkewe Anar kando yake akichambua mchele.

Watu wa redio wana adabu yao. Kabla hujaita, unauliza kwanza kama njia ina mtu. Liaquat akabonyeza kitufe cha kusemea.

"Kuna mtu hapa?"

Kwa kawaida hujibiwa na mkwaruzo tu.

"Yupo," ikajibu sauti kavu, karibu mno. Kisha ikajitambulisha kwa jina la hewani la Liaquat, herufi kwa herufi.

Mwenye akili zake angezima. Yeye alidhani ni mhuni wa mgodini Bulyanhulu aliyepata redio ya wizi, akataka kumfunza ustaarabu. Akamsalimu, akataja mji wake, akamtaja na aliyeketi naye, kama watu wa redio wafanyavyo.

"Niko na mke wangu, Anar. Anakusalimu."

"Anar," sauti ikarudia taratibu, kama inaonja mchuzi. Chumba kizima kikanuka udongo mbichi wa shimoni.

"Baba Adam, zima," Anar akanong'ona. Akausukuma ungo kando. "Tafadhali zima."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho kutoka kinywani mwake. Kulipokucha alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Hospitali wakapima, wakasema koo ni zima.

Akaitwa Bi Mwanaima, mganga wa Buseresere. Hata udi hakufukiza. Aliitazama ile redio, akarudi nyuma hatua.

"Jini huyu alikuta jina tupu, akahamia," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa mwenye nyumba umerudi na kelele zako, kisha ukamtajia na mke! Mwambie, jina chukua. Neno hilo tu, na usilitumie tena hadi kufa. Sauti ya mama itarudi."

"Lakini Bi Mwanaima, nililifanyia mtihani wa leseni. Ni langu kisheria."

"Haya, shikamoo sheria. Na huyu mama ni wa nani?"

Liaquat akaketi, akabonyeza, na ile harufu ya udongo ikapanda hadi kooni, na kucha za mkewe zikamzama begani, na nyuma ya mkwaruzo akasikia watu wa nchi za mbali wakiitana kwa majina yao na kuchekeana, wanachama wa kitu alichokililia miaka yote ile akiuza mikanda, na neno lililotakiwa likafika ulimini likakaa palepale, na alipofumbua mdomo likatoka lingine.

"Naomba nilitumie mara moja tu, halafu..."

"Umechagua," sauti ikasema. "Jina lako hilo."

Harufu ikakatika. Bi Mwanaima akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Mungu atuepushe na kupata tunachokitaka! Leseni sasa imetundikwa ukutani, na njia ni nyeupe. Liaquat huita dunia nzima kwa jina lake, na hakuna binadamu anayemjibu. Hujibu mmoja tu, kila aitapo, akilia kwa mbali.

"Baba Adam, zima. Tafadhali zima."

Anar, bubu nyuma yake, hunyoosha mkono kwenye swichi. Liaquat huukamata mkono huo, huukaza mpaka machozi yamtoke mwenzake, kwa sababu sauti ya mkewe haipatikani pengine popote. Kisha hubonyeza, akaita tena.