Kamba ya Shemeki

Jua lilikuwa linazama Mama Victorine, mfuga samaki, aliponipigia simu. Wavu wake ulikuwa umenasa chini ya ziwa lake, kwenye kivuko kilichozama. Nije upesi, kabla samaki hawajafia humo.

Naitwa Gauthier, mzamiaji. Kazi hiyo nilijifunza Kalemie, bandarini. Siku hizi nakaa mtaa wa Kamalondo. Nikamchukua Laurent, kaka wa mke wangu, anishikie kamba ya kiunoni, tukashika barabara ya Kasumbalesa.

Ziwa lile ni shimo la zamani la kuchimba mawe, limejaa maji. Mama Victorine alinunua kivuko kizee cha chuma, akakizamisha humo ili samaki wapate nyumba ya kuzalia. Wakazaa kweli. Lakini mzamiaji wake wa kwanza, Jean-Claude, alishuka kukikagua, na hakuonekana tena. Mama alisema alitoka majini akaenda Zambia.

Hata viatu hakuchukua.

"Nikivuta kwa nguvu, unipandishe," nilimwambia Laurent.

"Usiogope, shemeki. Niko hapa."

Nikashuka. Baridi... kisha giza.

Taa yangu ikapiga ubavu wa kivuko. Samaki walikuwa wamebanana pale, hata chuma hakionekani. Ila kwenye kibanda cha nahodha, hakuna hata mmoja. Wavu ulikuwa kwenye mpini wa mlango. Haukunasa.

Ulifungwa. Fundo juu ya fundo.

Nikaukata. Mlango ukafunguka wenyewe. Ndani, chini ya dari, hewa kidogo ilikuwa imebaki. Nikatoa kichwa humo, nikaondoa mpira wa hewa mdomoni, nisikilize.

Harufu ya bukari... Ugali wa moto.

Na mtu anahema, karibu na sikio langu.

"Zima taa," alinong'ona.

Taa ikazimika kabla sijaigusa.

"Nani njo iko anashika kamba yako?"

"Shemeki yangu." Sijui kwa nini nilijibu.

"Ya kwangu pia... ilikuwa shemeki."

Nikavuta kamba kwa nguvu. Ikaja. Ikaendelea kuja, nyepesi, mpaka ncha yake ikanigusa mkononi.

Nilipapasa mlango, nikatoka, nikapanda kama kipofu bila kurudisha mpira mdomoni, kifua kinataka kupasuka. Ukingoni Laurent na Mama Victorine walikuwa wamesimama bega kwa bega, wakinong'ona. Waliponiona, wakatengana.

"Umerudi," Mama alisema. Hakutabasamu.

Laurent akanionyesha viganja vyake. Ngozi imechubuka, damu inatiririka.

"Kintu ilininyanganya kamba. Kintu ya nguvu sana, shemeki. Unisadiki."

Nilitaka kusadiki. Asubuhi nikaenda kwa Lydie, mke wa Jean-Claude, nikamuuliza nani alishika kamba siku ile.

"Stanislas, kaka yangu," alisema. "Mikono yake yote ilichubuka. Tulimuhurumia sana." Akaangalia chini. "Sasa yeye njo anauzisha samaki ya Mama Victorine."

Tangu hapo simfungulii Laurent mlango. Mke wangu analia, anasema namchukia kaka yake bure. Labda ni kweli. Damu ile niliiona kwa macho yangu.

Jana jioni Laurent alinikuta barabarani, viganja bado vimefungwa kitambaa.

"Mama ametuita tena," alisema polepole. "Leo mi njo ntashuka. Weye ushike kamba."

Nilifungua mdomo nikatae.

Nikasikia sauti yangu ikisema: "Sawa, shemeki."