Kinachotafuna Ndani ya Turbo

Lori lilikuwa likivuta pumzi kabla ya kuondoka. Fundi Semboja aliliona hilo mara tu dereva Athuman alipoliingiza kwenye gereji yake pale Korogwe. Ukikanyaga mafuta, injini inasita, inameza kitu kama kohozi zito, inakohoa, ndipo inakwenda. Moshi wake ulinuka nywele zilizoungua.

"Inamisi tangu juzi, fundi," alisema Athuman. "Na mahindi haya ni ya kupeleka Handeni."

Semboja hakuhitaji kuhimizwa. Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa Operesheni Vijiji, na mama yake alikuwa miongoni mwa waliohamishiwa kijiji kipya huko Handeni. Habari zilisema wanachemsha mizizi ya porini.

Alisafisha chujio la dizeli. Hali ikawa ileile. Akaiacha injini ikinguruma, akalegeza mabomba ya nozeli yanayopeleka dizeli kwenye silinda, moja baada ya jingine. Kila alipolegeza, mngurumo ulipungua, isipokuwa kwenye silinda ya nne. Hapo injini wala haikujua kama imeguswa.

"Maiti yako hii hapa," alisema Semboja.

"Tuizike basi, tuondoke," Athuman alitania, lakini hakucheka.

Semboja alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni. Alitarajia mgongano wa chuma. Alichosikia ni kutafuna: kutafuna kwa taratibu, kwa majimaji, kama kibogoyo anayehangaika na ukano, na sauti ile ilihama kutoka silinda ya nne, ikafuata bomba hadi kwenye turbo inayoisukumia injini hewa, na yeye alipobana pumzi ili asikie vizuri, nayo ikanyamaza ikimsikiliza.

Alizima injini, akafungua mpira wa turbo. Mapanga yanayozunguka humo yalikuwa yamezongwa na mvi, na katikati ya mvi yaling'ang'ania mafuta ya manjano, mazito, yenye vuguvugu la mwili. Kwa mazoea ya kazi, kabla akili haijamkataza, aliyachota kwa kidole akayagusisha ulimini ajue kama yameingia maji. Yalikuwa na utamu wa usaha. Alitapika hadi machozi yakamtoka, na bado ladha haikutoka.

"Umetia nini humu?"

Athuman aliinamisha kichwa. "Mafuta ya mbarika. Siku ya kuhamisha watu oili ilivuja yote, na madukani hakuna. Kwenye mizigo kulikuwa na kibuyu cha kizee mmoja, Bibi Zuena. Mafuta ni mafuta, fundi. Watoto walikuwa juani."

Semboja hakumlaumu. Yeye mwenyewe aliwahi kunyamazisha gia boksi iliyokosa oili kwa ndizi mbivu.

"Mwenye kibuyu yuko wapi?"

Athuman alionyesha juu ya lori. "Tangu siku ile amekataa kushuka." Bibi kizee alikuwa ameketi juu ya magunia, kibuyu kitupu mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo anayetafuna nilimlisha humu tangu ujana wangu. Sasa mmemhamisha, kama mlivyotuhamisha sisi."

"Atarudi kibuyuni?"

"Amekwisha kuonja pumzi. Hatarudi pakavu." Alimtazama mdomoni. "Nani ameyalamba?"

"Mimi."

"Ukisukutua kwa maji ya majivu, atabaki kwenye gari. Ukimeza, atakufuata."

"Fundi, acha," Athuman alinong'ona.

Semboja aliyatazama magunia. Akamwona mawazoni mama yake akipuliza moto chini ya sufuria ya mizizi. Akakusanya mate yake yote, yale machungu na yale matamu, akameza, na kitu chenye nywele kikashuka kooni kwa taratibu, bila haraka, kama mgeni anayekagua vyumba vya nyumba aliyopewa.

"Washa," alisema.

Lori liliunguruma bila kusita, likashika barabara ya Handeni.

Jioni mkewe, Hamisa, alimwona hagusi ugali. Akamlaza, akaweka sikio kifuani mwake.

"Baba Kibwana," alinong'ona, "huyu anayetafuna ni nani?"

Semboja alitaka kumjibu. Kifua chake kikasita kwanza, kikavuta pumzi, kikameza, kikakohoa, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua.