Picha ya Mwanaheri

Ukitaka kujua Kibiti ina watu, nenda stendi Jumatatu asubuhi, wiki ya kuandikisha watoto shule. Kwenye kibanda cha kutoa kopi cha Sabra Mfaume foleni ilikuwa imefika kwa muuza korosho, na kila mzazi ana cheti cha kuzaliwa mkononi. Maneno, karani wa masijala ya wilaya, alijitia ana haraka akapenya hadi mbele, shati lake jeupe limejaa vumbi la mafaili.

"Bosi, hao wote nyuma yako ni mapambo?" Sabra aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa amevaa dera la zambarau na mtandio wa njano, na wino wa mashine umemganda vidoleni.

"Hii ni kazi ya serikali, dada."

"Basi serikali ipange foleni."

Watu walicheka, Maneno akarudi nyuma akasubiri saa nzima. Tangu hapo haikupita siku asizue karatasi ya kutolewa kopi. Simu zikafuata. Sabra alimwita Bwana Mafaili, yeye alimwita laazizi, na walikuwa wakitaniana mpaka salio linakata. Mwaka ulipotimia mshenga alipeleka posa Bungu kwa mama yake Sabra, Bi Semeni, ikapokelewa kwa vigelegele, na ndoa ikapangwa Ijumaa ya pili ya Mfungo Mosi.

Maneno hakuwa na mama. Alifiwa na mama huyo, Mwanaheri, akiwa na miaka mitatu, huko kwenye delta ya Rufiji, akalelewa na shangazi yake Kibiti, na mama hakuacha picha hata moja. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alipata kumwambia Sabra kwamba hata wakifufuliwa pamoja, yeye na mama yake watapishana kama wageni.

Wiki mbili kabla ya ndoa ilikuja amri kwamba mafaili ya zamani yapelekwe Dar es Salaam, kwenye jengo la serikali la kuhifadhia nyaraka, na Maneno akapewa kazi ya kuyaorodhesha. Alhamisi alifungua faili la kambi ya mafuriko iliyowekwa Mtawanya mwaka wa Elnino. Ndani yake mlikuwa na picha ya mwanamke kijana ameketi mkekani, kanga imemshuka begani, na watoto wachanga wawili wananyonya, mmoja huku na mmoja huku. Nyuma ya picha muuguzi alikuwa ameandika: "Mwanaheri Abubakary akimnyonyesha mwanawe Maneno pamoja na Sabra Mfaume, ambaye mama yake, Semeni, amelazwa kwa kipindupindu. Leo siku ya kumi na tisa."

Kwanza alilia kwa furaha, maana hatimaye alikuwa amemwona mama yake, na kidevu kilikuwa chake mwenyewe. Kisha akayasoma tena majina, na furaha yote ikamtoka. Uliyenyonya naye titi moja ni ndugu yako, humuoi, na hilo kila Mwislamu wa Rufiji analijua. Hata hivyo alimwendea shehe, akauliza kana kwamba anaulizia mtu mwingine. Shehe alimjibu kwamba kunyonya mara tano kunatosha.

Siku sita hakupokea simu ya Sabra. Ujumbe wake wa mwisho ulimtaka aseme kama amepata mwingine, aseme mapema kabla mama hajaalika watu. Maneno aliusoma akiwa peke yake ofisini, picha mezani na kiberiti mkononi. Hakuna mwingine aliyekuwa ameiona. Sitamtetea: njiti mbili aliziwasha. Zote mbili alizizima, kwa sababu hakuweza kumchoma mama yake aliyempata juzi tu.

Jumatano Sabra aliingia masijala mwenyewe, baibui amelitupia juu ya nguo za nyumbani, macho yamevimba.

"Nani huyo?" akauliza.

"Hakuna mwanamke mwingine, Sabra."

"Basi mimi nina kasoro gani?"

"Huna kasoro. Soma hapa."

Aliisoma akiwa amesimama, akaigeuza, akaitazama sura ya yule mwanamke kwa muda mrefu. Maneno alimweleza yote, hata habari ya kiberiti.

"Mama amemtafuta huyu miaka yote," Sabra alisema. "Alipotoka hospitali kambi ilishavunjwa. Aliambiwa tu kuna mama wa visiwa vya delta alimnyonyesha mwanawe. Kila Ijumaa anamsomea Yasini na jina lake halijui."

"Tungeweza kunyamaza."

"Wewe ungeweza?"

"Nilitaka niweze."

"Na mimi nataka," Sabra alisema, akaanza kulia.

Kesho yake walikwenda Bungu. Bi Semeni alikuwa uani akimenya mihogo. Aliposomewa maandishi aliishika picha kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu, akauliza kama yule mama yu hai. Akaambiwa alishafariki. Akauliza kama ameacha watoto, walau amwone mmoja tu ampe shukrani zake, maana jina la Maneno limejaa pwani yote na halikumgutusha. Sabra akamtazama mchumba wake. Bi Semeni aliyafuata macho ya bintiye akiwa bado anatabasamu, na tabasamu lilimkaa usoni kitambo baada ya kuelewa.

"Ndiye wewe, baba?"

"Ndiye mimi, mama."

Alimkumbatia akalia, na mwenyewe hakujua analilia lipi.

Jioni Sabra alimsindikiza hadi barabara ya lami. Mwaka mzima wa uchumba wao Maneno hakuwahi kumgusa hata kidole. Kila alipoomba mkono aliambiwa asubiri ndoa, haramu ni haramu. Sasa walisimama kando ya barabara malori yakipita kwenda kusini, na Sabra akamnyooshea mkono mwenyewe.

"Ushike," alisema. "Wewe ni kaka yangu. Leo ni halali."

Maneno aliushika. Ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani, na hakujua kaka huushika kwa muda gani.