Kinywa cha Jaji

Alhamisi ile nilishuka metro kituo cha mwisho, Auderghem, saa kumi na nusu, mfuko wa duka la dawa mkononi. Matone ya macho, mafuta ya ngozi, supu ya malenge ya kupasha moto. Kazi ya kawaida. Novemba ya huku jua huaga kabla hujamaliza chai ya mchana, kwa hiyo taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kuwaka.

Jina langu ni Kasoki. Ni mtu wa Butembo, nina miaka kumi na sita hapa Brussels, na kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Wanaonijua waliniita Redio, maana nikianza kuongea hunizimi. Naomba mlikumbuke jina hilo.

Nikiwa njiani simu ililia. Kaka yangu mkubwa, Rigobert. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa mikesha ya maombi, ananong'ona tu.

"Kasoki, samedi ni wewe utasema. Mimi sauti iliishaka. Nitakunongoneza, wewe unasema. Donc usituletee mambo ingine."

Nikamjibu ndiyo, Jumamosi nitasema. Sitaficha, nilisema ndiyo, na bila hata kusimama.

Jambo lenyewe lilimhusu Shekinah, mtoto wa marehemu kaka yetu Hervé. Ana miaka minane, hana baba wala mama, akaletwa kulelewa kwa Rigobert pale Ixelles. Tangu afike, mke wa Rigobert mimba mbili zimetoka. Mtoto anakojoa kitandani, anaongea usingizini. Mchungaji wao alimtazama mara moja tu na kusema: ni huyu. Ndoki, yaani mchawi. Wakapanga afungwe chumbani siku tatu bila chakula, aombewe, kisha arudishwe Kongo kwenye kambi ya maombi ambayo sisi sote tunajua watoto hutoka vipi, kama wanatoka. Na katika ukoo wetu, neno juu ya mtoto wa kaka halisimami mpaka shangazi yake alitamke kwa kinywa chake mbele ya watu wote. Shangazi ni mimi.

Je, niliamini? Mchana nilicheka. Jioni nilikumbuka vile anavyonitazama, nikaanza kuamini.

Mzee niliyekuwa namtunza aliitwa Murdo Balcraig. Mskoti. Kwao alikuwa wakili, akaingia siasa, akaja hapa kuwa mbunge wa Ulaya, ubunge ukaisha yeye akabaki. Nyumba yake iko mwisho kabisa wa barabara. Ukitoka mlango wa nyuma unakanyaga majani ya msitu. Sebuleni zilitundikwa picha nne kubwa za kuchorwa, babu zake, wote ndani ya majoho ya mahakama. Wote wanasheria, watatu waliishia bungeni. Hao watatu wana nyuso za watu walioshiba. Wa nne, wa zamani kuliko wote, alitundikwa juu kabisa ya kiti cha mzee, na mdomo wake uko wazi kidogo, kama mtu aliyekatizwa maneno.

Nilikuwa nimeshika zamu ya mwenzangu aliyekwenda kujifungua. Jumatatu hadi Alhamisi, jioni tu. Karatasi yangu iliandikwa kwamba mzee ana shida ya kuongea. Basi siku ya kwanza, nilipokwenda dirishani kuvuta mapazia, nikasikia nyuma yangu sauti ya chini, ya kukwaruza, ikisema maneno ya kizungu nisiyoyajua. Katika kozi yetu tulifundishwa hivi: mgonjwa akisema neno, lirudie. Lirudie kama alivyolisema, ajue amesikilizwa. Nikalirudia. Ikasema tena, nikarudia, mpaka mwisho. Nilifurahi, wallahi. Nilikimbilia daftari la nyumba, lile tunaloandikia habari za mgonjwa ili familia isome, nikaandika maneno yote vile masikio yangu yalivyoyashika.

Kila jioni ilikuwa hivyo. Maneno yaleyale, ila katikati palikuwa na jina, na jina lilibadilika. Marioun. Elspet. Bessi. Jonet. Nilidhani mzee anawakumbuka dada zake.

Lakini palikuwa na harufu. Ilianza kabla ya sauti. Lami. Lami inayochemka, kama barabara inapotengenezwa. Nilifungua dirisha, nikachungulia. Nje hapakuwa na barabara inayotengenezwa.

Alhamisi ile ilikuwa jioni yangu ya kumi na mbili. Nilipasha supu, nikamfuta mzee mdomo, nikaenda kuvuta mapazia.

Lami.

Kisha sauti, nyuma ya mgongo wangu. Karibu kuliko siku zote. Nikarudia. Ikasema, nikarudia. Mdomo wangu ulishayazoea maneno, yalitoka yenyewe. Tukafika mahali pa jina...

Kimya.

Nikangoja. Saa ya ukutani ikagonga, gogogo, gogogo. Nje majani yalitembea bila upepo. Siku nyingine zote sauti ilinipa jina. Leo ilikuwa inangoja nilitoe mimi.

Na lilikuwa tayari. Nililihisi linasukuma ulimi wangu kutoka ndani, linataka kutoka. Sikuwa nimelifikiria. Meno yangu yakafunguka.

"She..."

Funguo zikagonga mlangoni. Nikaruka. Jina likarudi kooni, likanikwaruza kama mwiba wa samaki.

Aliyeingia ni Chloé, mjukuu wa mzee, mwanasheria naye, maji hufuata mkondo. Alikuwa anatoka safari ya wiki tatu. Alivua koti, akambusu babu yake kichwani, akachukua daftari kusoma. Nikawa nangoja pongezi.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili akiwa amesimama. Akaanza kufungua kurasa upesi upesi, huku kidole chake kinahesabu.

"Maman Kasoki," akasema kwa Kifaransa, polepole, "nani alikufundisha maneno haya?"

Nikamwambia: babu yako.

"Babu hajatamka neno tangu kiharusi. Ni miaka miwili."

Nilizunguka kiti, nikainama, nikamtazama mzee usoni. Jamani, wiki tatu nzima sikuwahi kumwona akisema, maana kila mara nilikuwa nimempa mgongo. Midomo yake ilikuwa imekauka, imebanana. Machozi yalikuwa yanatiririka mpaka shingoni. Na macho yalinitazama, yakapanda juu kuelekea ile picha, yakarudi kwangu, yakapanda tena. Yule mzee alikuwa akiisikia kila jioni, na hakuwa na namna ya kunionya.

Chloé alinipeleka jikoni, akafunga mlango. Alijaza birika la chai, akaliacha bila kuwasha jiko. Aliyonieleza nayaweka hapa kwa kifupi.

Yule wa picha ya nne aliishi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Alikuwa wakili asiye na mtu wa kumwinua, akawa jaji, akataka bunge. Enzi zile, kule kwao, njia ya mkato ya kupanda ilikuwa kuwawinda wachawi. Aliyewachoma wengi ndiye aliyejulikana. Akawahukumu wanawake kumi na mmoja. Ila sheria yao ilikuwa na jambo lake. Jaji hakutangaza hukumu ya kifo yeye mwenyewe. Kando yake alisimama mtu, kazi yake kutamka. Jaji alimwambia kwa sauti ndogo, yule akarudia kwa nguvu mbele ya watu. Bila kinywa hicho cha pili, hukumu ilikuwa hewa tupu.

"Uliyoandika ndiyo hukumu yenyewe," Chloé akasema. "Apelekwe kilimani, anyongwe kwenye nguzo, achomwe kwa lami mpaka awe majivu. Na majina kumi na moja. Ni wao. Kwa mpangilio wao."

Nikauliza wa kumi na mbili, yule wa jioni hii, alikuwa nani.

Mtoto wa kike, akanijibu. Miaka minane. Mtamkaji alipoambiwa aseme, alifunga mdomo. Wakamtisha, wakampiga, hakufungua. Mtoto akaachiliwa. Watu wakamcheka jaji hadharani, kiti cha bunge alichokitaka kikaenda kwa mwingine, na mpaka anakufa alikuwa akiuliza kwa nini kazi yake haikumalizwa.

"Na mtamkaji?" nikauliza.

"Hakuongea tena maisha yake yote. Wapo wanaosema walimkata ulimi. Hakuna anayejua."

Nilitoka nyumba ile bila kuaga, wala sikurudi. Ndani ya metro nilijibana kwenye kona, mkono mdomoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilikuwa nimekibeba kinywani. Nikaapa Jumamosi nitasema hapana. Nitasimama mbele ya ukoo mzima na kusema mtoto huyu hana kosa, na wanichukie wakitaka.

Jumamosi, saa kumi na moja, sebule ya Rigobert ilijaa. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Shekinah alikalishwa katikati kwenye kigoda, na koti lake la pinki, viatu vimefungwa vizuri, kama mtoto anayengoja kupelekwa shule. Begi lake dogo lilikuwa mlangoni. Nilipopita akanishika kidole.

"Tante, nilifanyaka nini?"

Nilimpapasa kichwa, nikapita. Nilijiambia nitamjibu mbele ya wote.

Rigobert akasimama nyuma yangu, akaweka mdomo karibu na sikio langu. Pumzi yake ilikuwa ya moto, ya mtu aliyefunga siku nyingi.

"Sema. Mutoto huyu ni ndoki. Familia inamukataa."

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo niseme hapana.

Haikutoka hapana.

Yalitoka yale mengine. Maneno ya kukwaruza, ya kizungu kile, moja baada ya jingine, kwa sauti nzito isiyo yangu. Nilijisikia nikiyasema, nikashindwa kusimama. Watu waliduwaa. Mke wa Rigobert alianza kusali chini chini, akaacha. Mtu akauliza nani amechoma kitu jikoni, mbona kunanuka lami...

Tukafika mahali pa jina.

Ulimi wangu ukainuka. Shekinah alikuwa ananitazama usoni, hajui lolote, anangoja tu jibu lake.

Niliung'ata. Niliung'ata kwa nguvu zangu zote, mpaka nikasikia meno yamegusana, damu ikajaa mdomo ikatoka kwenye kidevu. Nikashika mdomo kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, nikachukua na begi lake, nikatoka. Hakuna aliyetuzuia. Tulitembea mpaka kituo cha Porte de Namur, katikati ya watu na mifuko yao ya madukani, damu ikidondoka kwenye kanzu yangu ya heshima.

Siku ya pili Chloé alinitumia ujumbe. Babu yake alikufa Jumamosi ile, saa kumi na moja na robo. Yeye alikuwa amekaa miguuni pake. Anaapa kwamba midomo ya mzee haikusogea, lakini kutoka kwenye kiti, au juu ya kiti, alisikia sauti ikisema neno moja kwa lugha yao.

"Zaidi."

Kama jaji anavyomwambia mtu anayesema kwa sauti ndogo mno.

Leo ni mwezi wa tano tangu siku ile. Ulimi ulishonwa, ulipona. Daktari anasema naweza kuongea vizuri kabisa, shida iko kichwani. Anakosea. Najua ninachokifanya. Kila nikitaka kusema hata "bonjour", nalihisi lile jina limekaa nyuma ya meno, limetangulia, linangoja mlango. Kazi ya wazee nimeiacha. Nafagia ofisi, hakuna anayehitaji maneno yangu. Ndiyo maana haya nimeyaandika. Na yule mtamkaji wa Uskoti, nikimfikiria, sidhani kama kuna mtu alimkata ulimi. Alinyamaza mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka wakamzika.

Rigobert na watu wake wana maelezo yao. Mnaona? wanasema. Redio imezimika. Mtoto amemfunga shangazi yake ulimi. Ushahidi gani tena mnautaka? Napita Matonge, mtaa wa Wakongo wa hapa Brussels, na Shekinah, wanavuka upande wa pili wa barabara. Inaniuma sana, maana siwezi kuwajibu.

Yeye anaendelea vizuri. Hakojoi tena kitandani. Anaongea kwa ajili yetu sote wawili, dukani, shuleni, kwa mwenye nyumba. Tunalala chumba kimoja.

Wiki iliyopita, asubuhi, alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Tante, jana uliongea. Ukiwa umelala."

Nikamuuliza kwa mikono: nilisema nini?

"Sijue. Kizungu. Kisha ukasema mwanzo wa jina yangu."

Tangu siku ile nalala na kitambaa mdomoni. Peke yangu nilishindwa kukifunga vizuri, kililegea. Sasa kila jioni, mataa yakiwaka nje, napiga magoti kando ya kitanda na Shekinah anasimama nyuma yangu, ananifunga. Vidole vyake ni vidogo, lakini anakaza.

Jana, alipomaliza kukaza fundo, akanusa hewa, akauliza ni nani anatengeneza barabara.