Lampi za Mwalimu Melkiori

Mwaka wa 1972 rafiki yangu Feruzi, fundi redio wa Rumonge, Burundi, alikuwa akijiundia amplifaya. Lampi zake, zile chupa za kioo za kukuza sauti, zilikuwa zimechoka, transfoma zikinguruma. Jirani yake, mwalimu Melkiori, ambaye kikohozi chake mtaa mzima ulikijua, alipochukuliwa na askari, alimwachia Feruzi redio yake kubwa. "Nitunzie mpaka nirudi."

Mwalimu hakurudi. Feruzi akaifungua redio, akang'oa lampi na transfoma, akazitia kwenye amplifaya yake huku moyo ukimsuta. Alifunga madirisha ili mke wa mwalimu asione, akawasha. Hakuwa ameunganisha antena wala kuweka sahani ya muziki. Lampi zikawa nyekundu gizani, kisha spika ikakohoa kama mwalimu.

Mlango uligongwa. "Fundi, mume wangu iko humo? Nimemusikia."

Feruzi akachomoa waya, lampi zikazimika. Kikohozi kiliendelea.