Anwani Isiyo na Muda

Giza lilikuwa linaanza kuingia fundi wa mitandao alipofika kwenye ofisi aliyoikwepa tangu msiba. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kufanya huku unapiga mluzi. Zamani kila kompyuta pale aliipa anwani yake ya mtandao kwa mkono. Sasa bosi alitaka swichi, ule mtambo unaounganisha kompyuta zote, iwe inagawa anwani yenyewe, kwa muda, na muda ukiisha impe mwingine.

"Fanya haraka, kaka," mlinzi alimnong'oneza mlangoni. "Jioni humo ndani kuna mtu anachapa. Nikiingia, simwoni."

"Panya hao."

"Panya wanaojua kuchapa?"

Fundi alijichekesha, akaingia. Alichuchumaa mbele ya kabati la swichi, akaiandikia kwa kompyuta mpakato fungu la anwani za kugawa. Swichi nayo ina adabu zake: kabla ya kutoa anwani, hubisha hodi kwanza, isije ikawa ina mwenyewe. Zote zilikuwa tupu. Isipokuwa moja.

Inatumika, swichi ilijibu.

Alijaribu tena...

Inatumika.

Moyo ulimlipuka, maana anwani ile aliijua. Ndiyo aliyompa mke wake siku mke huyo alipoanza kazi ya uhasibu hapo, akamtania, "Hii yako haina muda, mama. Hakuna wa kukunyang'anya." Kompyuta ile ilishatupwa. Na mke wake alishazikwa.

Akaufuata waya kwa vidole, ukutani, chini ya meza, hadi kwenye meza tupu ya pembeni. Ncha ilining'inia hewani. Haikuchomekwa popote.

Lakini ilikuwa na joto.

Harufu ya maganda ya machungwa ikamjia. Marehemu hakuweza kupiga hesabu bila kumenya chungwa. Kisha... ta, ta, ta. Vidole, juu ya meza isiyo na kitu.

"Mume wangu," sauti ikanong'ona karibu na sikio lake. "Nimechoka. Wenzangu wote wameshaondoka. Nifutie na mimi niende."

Akarudi kwenye kabati la swichi. Ilikuwa kufuta mstari mmoja tu, wa anwani ile, na kidole chake kilikuwa tayari kimegusa kitufe. Akakumbuka kitanda cha nyumbani, upande ule usiolaliwa, na uchungu ukamzidi nguvu. Akalia bila kujificha.

"Siwezi, mke wangu. Nisamehe."

Akaandika amri nyingine: anwani hii isiguswe, asipewe mtu yeyote. Akaihifadhi.

Vidole vikanyamaza. Kikafuata kilio chembamba, cha mtu aliyefungiwa mlango akiwa tayari ameshafunga mizigo.

Mpaka leo fundi hupita pale kila jioni, akisingizia kukagua mitambo. Mlinzi humwona akiingia peke yake, lakini humo ndani husikia watu wawili wakilia. Mmoja huomba aachiwe. Mwingine humjibu, kesho.