Usisogee, Korongo Wanashinda

Nilikwenda kuchukua bakuli langu tu. Nalisema hilo mapema, maana kanisani wanadai nilikwenda kuchungulia. Kuchungulia nako kulikuwepo, lakini bakuli lilitangulia.

Ni lile la bluu la kuokea, chini nimebandika plasta yenye jina langu, Vashti. Nililipeleka msibani kwa Purvis Gaddy limejaa makaroni na jibini. Wakala, wakalia, wakalisahau. Basi Jumamosi ile ya Novemba, jua likizama nyuma ya shamba la pamba, nikavaa koti nikavuka barabara.

Kuhusu marehemu sitamung'unya maneno. Mchungaji alimwita nguzo. Nguzo ya nini? Miaka hamsini aliishabikia Korongo, timu ya Chuo cha Pettaway, chuo ambacho yeye mwenyewe hakukisoma hata siku moja. Vijana wenye kofia ngumu wanagombania mpira mfano wa yai, na yeye analia machozi! Binti yake wa pekee aliolewa siku ya mechi, Purvis hakutokea. Jeneza lake lilipakwa kijani na chungwa. Tena alikaa siku tisa kwenye friji la maiti, kwa sababu aliacha wosia asizikwe wiki ambayo Korongo wanacheza. "Korongo mpaka kaburini!" wakapiga kelele pale makaburini, watu wazima wenye mvi. Mimi nilikuwa natafuna peremende.

Laiti angeishia hapo kaburini.

Nilimkuta mjane wake, Ozella, amesimama barazani. Koti juu ya gauni la kulalia. Midomo imekuwa ya kijivu.

"Wee Ozella! Unafanya nini nje na baridi hii?"

"Nimesimama."

"Hilo naliona, shoga. Ingia ndani."

Akanong'ona, "Wanacheza."

Ndani, redio ilikuwa inaunguruma. Mtangazaji anapayuka, umati unavuma kama nyuki kwenye mzinga. Korongo walikuwa ugenini, wanaongoza.

"Sasa si uizime ukalale? Mwenyewe tumeshamfukia."

"Sikuiwasha mimi, Vashti."

Upepo ukakata...

Habari ya baraza ile mtaa mzima tunaijua. Mwaka 1988 Ozella alitoka nje kupunga hewa, akasimama ubao wa tatu kutoka mlangoni. Sekunde hiyohiyo Korongo wakafunga, wakachukua ubingwa. Purvis akaruka kutoka kitini: "Hapo hapo, Ozella! Usisogee!" Tangu siku hiyo, kila mechi, mwanamke anawekwa pale kama chungu cha maua. Mvua, barafu, ujauzito uliotoka. Hata Purvis akienda uwanjani, Ozella anasimama. Mimi nilidhani ni woga wa mke kwa mume, nikamcheka miaka yote. Mungu anisamehe.

"Toka saa ngapi uko hapa?"

"Saa saba mchana." Akakohoa, kohozi likakwaruza. "Daktari alisema kifua hiki hakihimili baridi nyingine. Vashti, mechi ikiisha utanikuta nimelala."

Nikamshika mkono. Mguu wa kulia ukaja. Wa kushoto ukabaki.

Nikainama, nikakamata kifundo. Baridi kama nyama ya buchani. Nikavuta. Ndala ikachomoka. Ubao ukalia kwiiii...

Mguu haukuinuka.

"Nyundo iko wapi?"

"Jikoni. Usipite mbele ya kiti chake."

Ungefanya nini? Nilipita. Sebule ilinuka dawa ya kuchulia misuli na karanga za kuchemsha, harufu yake ileile. Kiti chake kilikuwa kitupu. Ila mto wa kiti ulikuwa umebonyea. Umebonyea chini kabisa, kama umekaliwa na mtu mnene. Nikaizima redio. Ikaendelea. Nikachomoa waya ukutani.

Ikaendelea.

Halafu kutoka kwenye kile kiti, sauti kavu, taratibu...

"Asisogee."

Sidanganyi. Nilitaka kukimbia. Lakini tangu lini Purvis Gaddy akanikimbiza mimi? Akiwa hai alishindwa kubadilisha hata taa ya barazani.

"Nyamaza, mshenzi wewe," nikamwambia, nikachukua nyundo.

Nikang'oa ubao wa pembeni, nikaingiza mkono chini ya ule aliosimama. Utando wa buibui. Udongo. Bati... Nikatoa mkebe wa biskuti, wenye kutu. Ndani, kiatu cheupe cha kike cha kushoto, kimeshindiliwa udongo. Kwenye udongo, alama ya unyayo imekauka. Msumari mrefu umepenya kisiginoni, na chini ya msumari, kipande cha tiketi ya mechi za Korongo. Mwaka 1988.

Ozella akakitazama. Sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Kiatu changu cha harusi. Aliniambia mbwa wa jirani alikila."

"Jirani ni mimi. Sijafuga mbwa maisha yangu yote."

Bibi zetu walijua mambo ya kuchota unyayo. Ukitaka mtu asiondoke, unachota mchanga aliokanyaga, unaugongea msumari. Watu hufanya hivyo kwa ajili ya mapenzi. Huyu alimpigilia mkewe miaka yote hiyo kwa ajili ya vijana asiowajua, ambao hata kadi ya rambirambi hawakuleta.

Nikang'oa msumari kwa meno ya nyundo.

Ozella akaanguka mbele. Mguu umefunguka! Papo hapo redioni mtangazaji akapiga ukelele: Korongo wameuangusha mpira. Na ndani ya nyumba, kitu kikalia. Siyo kama mtu. Kama mbwa aliyefungiwa.

"Kimbilia jikoni, washa jiko!" nikamwambia. Akaenda, anachechemea, analia na kucheka.

Mimi? Mimi nilibaki barazani kumsuta marehemu. Hapo ndipo nilipokosea. "Lia, Purvis! Lia, mpumbavu mkubwa! Na leo mnafungwa!"

Sikutazama nimesimama wapi.

Redio ikanyamaza kidogo. Halafu umati ukalipuka: Korongo wameunyakua tena, kijana anakimbia nao, anakimbia, uwanja mzima, hakuna wa kumkamata...

Wakafunga.

Pumzi yenye harufu ya karanga ikanipuliza sikioni.

"Hapo hapo, Vashti..."

Niliruka kama mbuzi. Mkebe niliutupa kijitoni usiku huohuo, kwenye maji yaendayo. Ozella alihamia kwa binti yake. Nasikia Jumamosi analala mpaka saa nne na kifua kimepona. Hapo ningenyamaza, mambo yangeisha.

Lakini mnanijua. Kisa kama kile ukimeze? Jumapili nilikisimulia kanisani, kwaya nzima imenizunguka. Nikaonyesha kabisa nilivyosimama, mguu wa kushoto mbele, wakati kijana anafunga. Watu wakashika vinywa. Shemasi Beasley, aliyerithi kiti cha Purvis uwanjani, hakushika kinywa. Aliuliza taratibu, kwa adabu zake zote:

"Mguu wa kushoto, dada Vashti? Una hakika?"

"Hakika kabisa," nikasema. Mdomo wangu huu.

Wiki iliyofuata nilikuta mbele ya baraza langu matope yamechotwa, mahali pa unyayo wangu mmoja. Na kiatu changu cha kanisani, cha kushoto, hakionekani. Nimemuuliza Beasley uso kwa uso. Akatabasamu. "Labda mbwa wa jirani," akasema.

Korongo wameshinda mechi tano mfululizo. Watu wazima wanakumbatiana madukani.

Leo ni Jumamosi. Nakuandikia haya nikiwa barazani, daftari la mfukoni juu ya reli. Nilitoka kutikisa kitambaa cha meza tu. Supu inaungua jikoni, naisikia harufu yake. Baridi inapanda kutoka miguuni. Ndani kwangu redio inapayuka, na mimi sina redio.

Nimeshang'oa mbao nne kwa nyundo, ninayotembea nayo tangu kiatu kipotee. Sijapata kitu. Na Beasley amepita na gari lake mara mbili, polepole, akinipungia mkono.